Umilisi Usiogusa Maji

Neno "umilisi" halikutendewa haki. Ni neno zuri, lina uzito mdomoni, lakini Wakenya wengi walikutana nalo mara ya kwanza kwenye karatasi ya shule, limeandamana na orodha ya vitu vya kununua: gundi, kadi za rangi, picha za kwenda kuchapisha saiba. Tangu hapo ukilitaja kwenye matatu ya Likoni kwenda Ukunda, mzazi atakayekujibu atakujibu kwa hesabu ya pesa.

Mtaala wa umilisi ulianza kwa majaribio mwaka 2017, ukaingia madarasa ya chini nchi nzima Januari 2019, ukaanza kuisukuma nje 8-4-4 iliyokuwepo tangu 1985. Waliouandaa pale KICD hawakuficha wazee wao. Wanataja Dewey, wanataja Vygotsky, wanataja Bruner na Piaget. Kwa maneno mengine, taifa zima liliingizwa katika nadharia ya ujenzi wa maarifa, na wengi wetu hatukuambiwa nadharia yenyewe inasema nini.

Hebu niiseme kwa Kiswahili cha barazani, manake kwenye vitabu vya ualimu imevishwa suti. Ujuzi haumiminwi kichwani kama maji mtungini. Anayejifunza anaujenga mwenyewe, na anaujenga juu ya kile alichokuja nacho. Vygotsky, aliyefariki 1934 akiwa na miaka 37 tu, akaongeza jambo ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi: hujengi peke yako. Ipo kazi ambayo mtoto anaiweza mwenyewe, ipo ambayo haiwezi kabisa, na katikati kuna ile anayoiweza akiwa na mtu mjuzi ubavuni. Hapo katikati ndipo pa kufundishia. Mwaka 1976 Wood, Bruner na Ross waliwaangalia watoto 30 wa miaka mitatu hadi mitano wakijenga piramidi kwa vipande 21 vya mbao, huku mkufunzi akisaidia pale tu mtoto anapokwama na kujiondoa pale anapoweza. Msaada huo wakaufananisha na jukwaa analosimamia mwashi: linafungwa ili nyumba isimame, kisha linafunguliwa.

Na nadharia yenyewe sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na tulichokifanya nayo huku pwani, darasani na kwenye semina za kazi. Tumechukua fanicha yake tukaiacha nyumba.

Mimi hufanya ukalimani na kuandika kumbukumbu za warsha. Nimelelewa Ukunda, na kwao mama ni Mkwiro, kile kijiji cha upande wa mashariki wa kisiwa cha Wasini, ng'ambo ya Shimoni. Kwa hivyo mradi wowote ukija na maneno "jamii ya wavuvi", jina langu hutajwa. Nikumbuke warsha moja tu, katika hoteli moja ya Diani, ya mradi ambao sitautaja. Wavuvi walivuka alfajiri kwa boti hadi Shimoni, wakapakiwa kwenye gari, wakafika Diani saa tatu asubuhi wakiwa wamevaa kanzu na mashati ya Idi. Mwezeshaji alikuwa kijana mchangamfu, na nilimpenda. Akasema, "Leo mimi si mwalimu. Nyinyi ndio wataalamu, mimi nimekuja kujifunza." Tukagawiwa vikaratasi vya rangi vya kubandika. Cha njano uandike changamoto, cha kijani uandike suluhisho. Mzee mmoja akakigeuza chake pande zote mbili, akauliza, "Mwanangu, hapa niandike bahari yote ama nichague kipande?" Ukumbi mzima ukacheka, mwezeshaji naye akacheka. Kufikia jioni ukuta ulikuwa umejaa rangi kama duka la leso.

Wiki mbili baadaye nikatumiwa ripoti niitafsiri. Sehemu ya "mapendekezo ya jamii" ilikuwa imeandikwa vizuri sana. Nikafungua faili nikaangalia ilitengenezwa lini. Siku tano kabla ya warsha.

Sisimulii haya ili tuwacheke watu wa miradi. Wengine wao ni marafiki zangu, na posho yao imenilipia kodi. Nayasimulia kwa sababu ukichukua orodha yoyote ya kanuni za ujenzi wa maarifa ukaipitisha juu ya siku ile, kila kitu utakitia alama ya vema. Mshiriki ndiye kitovu, sawa. Kazi ya vikundi, sawa. Mkufunzi kama mwezeshaji, sawa. Kuanzia kile watu wanachokijua, sawa kabisa. Na bado hakuna aliyejenga chochote. Watu walipewa matofali ya kuchezea na nyumba ilikuwa imeshaezekwa.

Ndipo nikarudi kwenye kitabu ambacho nilikuwa nimekisoma haraka chuoni, *Situated Learning* cha Jean Lave na Etienne Wenger, cha mwaka 1991. Ni kitabu chembamba, hakifiki kurasa 150, na nathari yake ni ngumu kama matumbawe ya Wasini: ukienda bila viatu utaumia. Lakini kina mifano mitano ya watu wanavyojifunza kazi bila darasa, na mifano hiyo ndiyo roho yake. Wapo wakunga wa Kimaya huko Yucatán, mafundi cherehani wa Kivai na Kigola huko Liberia, mabaharia wa uongozaji meli katika jeshi la majini la Marekani, wakata nyama wa supamaketi za Marekani, na walevi wanaojifunza kuishi bila pombe.

Wa mafundi cherehani ndio ulionishika. Mwanagenzi hafundishwi kwa mpangilio ambao nguo inashonwa. Anaanzia mwisho. Kwanza vifungo na pindo, yaani mambo ya kumalizia nguo ambayo tayari ni nguo. Baadaye anashona. Kukata kitambaa, ambako ndiko kunakoanza kazi, kunakuja mwisho kabisa. Na anaanza na kofia na chupi kabla ya kukaribia suti. Ukifikiria, hapo kuna akili nyingi. Anayetia kifungo anaishika nguo nzima mkononi kila siku, anajua inavyopaswa kuwa, na akikosea kinachoharibika ni kifungo. Akikosea kukata, kitambaa cha mtu kimekwenda.

Nilipoyasoma hayo nikasema, wallahi, hii ni Mkwiro.

Kijana wa Mkwiro haanzi na bahari. Anaanza na samaki aliyekwisha kuvuliwa. Yuko ufukoni chombo kinapoingia, anasaidia kuvuta, anabeba ndoo, anachambua: tafi huku, changu kule, wale wadogo wa mama karanga waende kando. Mwiba wa tafi humfundisha mara moja, na hiyo mara moja inatosha. Hajatia mguu chomboni lakini ameshajua samaki gani ana bei, nani ananunua nini, na mzigo mwepesi unaleta uso gani nyumbani. Akipandishwa, kazi yake ni chambo na kuchota maji yaliyoingia ndani kuyamwaga nje. Kuchota maji ni kazi ya kijinga kwa mtu anayetazama kutoka hotelini. Lakini anayechota maji amekaa katikati ya chombo. Anasikia nahodha anavyobishana na baharia mwenzake kuhusu mkondo, anaona tanga linavyoitikia upepo wa kusi, anaona jinsi mti fulani wa nchi kavu unavyolinganishwa na kilima fulani hadi mtu aseme "hapa, tupa". Mahali pa kuvulia ndiyo siri ya mwisho kukabidhiwa, na kijana amekuwa akipelekwa hapo kila siku tangu mwanzo.

Niliwahi kumuuliza mjomba wangu anajuaje kwamba kijana amehitimu. Mtaala wetu una ngazi nne: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, mbali na matarajio. Mjomba ana mbili. Kuna siku kijana anateremka na kitoweo cha kwenda nacho kwao, na kuna siku anateremka na fungu. Kitoweo unapewa, fungu ni haki yako. Siku watu wa chomboni wakikuhesabia fungu bila mtu kusema neno, ujue umeshaiva. Sijaona chombo cha tathmini kilicho wazi kuliko hicho, na hakihitaji saiba.

Sasa chukua mtoto huyohuyo umwagize shuleni atengeneze chombo cha baharini kwa boksi na gundi. Sisemi boksi ni dhambi. Mtoto wa Nairobi huenda hajapata kuiona mashua. Lakini kwa mtoto wa kisiwani hapo tumeshaikana kanuni ya kwanza ya nadharia tunayojivunia. Tumeambiwa tujenge juu ya alichokuja nacho, nasi tumemwomba akiache mlangoni. Kuna na suala la lugha ambalo watu hulipita haraka. Sera inataka madarasa matatu ya mwanzo yafundishwe kwa lugha ya mahali. Wasini kijijini husema Kivumba, Mkwiro husema Kichifundi, na Kiswahili cha vitabu kinawajia wote kama binamu aliyesoma. Majina ya mikondo na ya miamba yamo katika lugha hizo mbili. Mwalimu asiyeyajua hawezi kufunga jukwaa, kwa sababu haoni msingi ulipo.

Mpaka hapa nasikika kama wale wanaosema shule zifungwe turudi baharini. Subiri kidogo.

Mfano wa wakata nyama katika kitabu hicho ni wa kutisha, na nashangaa wanaokitaja kwenye semina huwa wanauruka. Wanagenzi wa supamaketi walikuwa kazini, kazi ya kweli, si ya boksi. Lakini baadhi yao waliwekwa kwenye mashine ya kufungia nyama, na mashine ilikuwa chumba kingine. Wakata nyama wenyewe hawakuwaona. Wakafunga nyama mwezi baada ya mwezi, na walichojifunza ni kufunga nyama. Chuoni nako walifundishwa ukataji ambao supamaketi haukuutumia tena. Kwa hiyo kuwa kazini si kujifunza. Inategemea unaona nini kutoka pale ulipowekwa.

Afrika Mashariki tuliwahi kulilipia somo hili. Machi 1967 Nyerere alitoa *Elimu ya Kujitegemea*, andiko ambalo kwa maoni yangu linamzidi Dewey kwa uwazi. Alilalamika kwamba shule inamng'oa mtoto kwa watu wake na kumfundisha kudharau ujuzi wa wazee wasiosoma. Alitaka shule iwe na shamba, na wanafunzi wapange, waamue, wakosee, wale matunda ya uamuzi wao. Ulizia sasa waliosoma shule nyingi za Tanzania miaka iliyofuata wanakumbuka nini: jembe, mistari, na mwalimu wa zamu. Kuamua kulibaki ofisini. Shamba likawa mashine ya kufungia nyama.

Kuna waalimu wa hoteli na wa boti za watalii pwani yetu ambao hili wanalijua bila kitabu. Kijana wa mafunzo ya kazi anaweza kukaa miezi mitatu anasukuma toroli la mashuka kwenye korido na asiione hata siku moja meza ya mapokezi inavyoshughulikia mgeni aliyekasirika. Cheti atapata. Mwenzake amewekwa jikoni anamenya viazi, kazi duni zaidi, lakini kiti chake kinatazama jiko na mpishi ana mdomo. Huyo wa viazi ndiye atakayepika.

Upande wa pili kuna wanaoichukia nadharia nzima. Mwaka 2006 Kirschner, Sweller na Clark waliandika makala maarufu wakidai kwamba kumwacha mwanagenzi agundue mambo kwa mwongozo kidogo hakufanyi kazi, kwa sababu akili inayofanya kazi ya papo hapo ni finyu, na asiye na msingi anazama kwenye vitu vingi kwa pamoja. Mwaka uliofuata Hmelo-Silver na wenzake wakajibu kwamba mafunzo mazuri ya aina hiyo hayakuwahi kukosa mwongozo, yamejaa mwongozo. Nimeusoma ubishi huo kwa raha, kama mtu anayesikiliza majirani. Nahodha wa Mkwiro angeshangaa mnabishania nini. Hakuna anayempa mtoto mashua aende akagundue mkondo wa Shimoni mwenyewe. Maiti ya mtoto huyo ingerudi na bamvua. Na hakuna anayemkalisha ubaoni amchoree mkondo. Kijana anaongozwa kila dakika, ila mwongozo umewekwa ndani ya kazi: mahali alipokaa, kifaa alichopewa, kile ambacho bado hajaruhusiwa kukigusa. Hilo la mwisho tumelisahau kabisa. Kwenye warsha zetu kila mtu anaruhusiwa kugusa kila kitu, kwa sababu hakuna kitu cha kweli mezani.

Kazi ya kurejesha matumbawe huku Shimoni na Wasini inanipa tumaini kiasi. Joto la bahari la 1998 liliua matumbawe mengi pwani ya Kenya, na miaka ya karibuni shirika la REEFolution, pamoja na wanakijiji, limekuwa likikuza vipande vya matumbawe chini ya maji kisha kuvihamishia kwenye miamba iliyoharibika. Kazi hii haidanganyiki. Kipande kinakua au kinakufa. Mwani ukikikaba lazima usuguliwe, na anayesugua ana uso wake sentimita chache kutoka kwa kitu kizima anachojifunza, kama yule wa kutia vifungo. Ukinipa bajeti ya siku moja ya warsha Diani, ukumbi na chakula cha mchana, nitakuomba niitumie kwa petroli ya boti.

Lakini kitabu cha Lave na Wenger kina shimo, na nimelikaribia polepole kwa sababu ni shimo la kwetu pia. Neno lao kubwa ni kwamba mwanagenzi anashiriki kwa uhalali: amekubaliwa, hata kama ni pembeni. Wanajua kwamba bila kukubaliwa hakuna kujifunza, wanalisema, kisha wanaendelea na safari. Swali la nani hakubaliwi linabaki ufukoni. Wakunga wa Yucatán wengi wao wamezaliwa ndani ya ukoo wa wakunga. Binti anamwona bibi yake, anatumwa, anashika. Ni vizuri kwa binti huyo. Na yule wa nyumba ya tatu? Mafunzo ya chomboni, ambayo nimeyasifu kurasa zote hizi, huulizwa kwanza: wewe mtoto wa nani? Na kabla ya swali hilo kuna lingine ambalo halihitaji hata kuulizwa.

Nilimuuliza mjomba kwa nini wasichana hawapandi. Nilikuwa nimejiandaa kwa jibu la mila, nikawa na hoja zangu tayari. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini jua linachomoza. "Chombo hakina choo," akasema.

Shule ya serikali, pamoja na maboksi yake yote, haina swali hilo. Ina mlango, na msichana wa Mkwiro anaupita bila kutaja jina la babu. Hiki ndicho kitu ambacho wapenzi wa mafunzo ya kazini, mimi nikiwemo, hatupendi kukitia kwenye mizani. Darasa ni mahali pabaya pa kujifunzia bahari, lakini ni mahali pazuri sana pa kuhesabiwa. Sasa Kenya ina sera ya kutambua ujuzi ambao mtu aliupata bila darasa, apimwe na kupewa cheti. Naifurahia. Ila sera hiyo itampima mtu kwa kazi aliyoruhusiwa kuifanya, na mlango wa chombo utakuwa umeshafungwa miaka ishirini kabla ya mpimaji kufika na fomu zake.

Katika kumbukumbu zote nilizoandika za warsha za uvuvi, mwanamke wa Mkwiro anayevua pweza hujitokeza kwenye mstari mmoja, chini ya kichwa "makundi mengine". Anajua maji yatakauka kiasi gani siku ya tatu ya bamvua na siku ya tano, na anajua bila kalenda. Anatembea juu ya mwamba na wajukuu wawili nyuma, wa kike na wa kiume, kila mmoja na kikapu. Wa miaka sita kazi yake ni kubeba. Wa miaka tisa anaonyeshwa shimo lenye maganda ya kaa mlangoni, anaulizwa, "Huyu yumo ama ametoka?" Anajibu. Bibi hasemi sawa wala si sawa. Anampa mti wa kuchokolea, anasogea hatua moja kando.